Tukitoka Senema, Tumekhofu Nini?



Twaulizwa mara kwa mara, na wazee na vijana, juu ya michezo ya senema ya namna mbili inayopendwa mno siku hizi: ile ya vitisho, yenye majini na maiti wanaofufuka, na ile ya uhalifu, yenye wauaji na wezi. Wazee huuliza wakitaka tuseme ni haramu moja kwa moja, wapate kuzima televisheni. Vijana huuliza wakitaka tuseme hapana neno, wapate kuiwasha. Leo hatukukusudia kutoa fat-wa. Mipaka ya sharia juu ya kutazama uchi, na juu ya upuuzi unaompotezea mtu swala, ni mambo yanayojulikana, na asiyeyajua na awaulize wanaoyajua. Tulilokusudia ni kuipima michezo yenyewe, kwa majina yake, tuone inasema nini na inamfanya nini mwenye kuitazama.

Pengine atatokea wa kusema: "Sheikh anatafuta nini katika senema?" Jawabu ni kuwa haifai kulihukumu jambo kwa kusikia tu. Kadhi hakati shauri kwa uvumi wa barazani. Na tena senema si mgeni kwetu. Watu wa pwani, tangu Mombasa mpaka Unguja na Dar es Salaam, walikuwa na nyumba za senema kabla ya wengi wetu kuzaliwa, na palikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Mama zetu na bibi zetu waliilia Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951. Nyumba nyingi katika hizo zimefungwa, lakini mchezo haukufungwa. Umehamia ndani ya simu. Zamani mtu alitazama pamoja na jamaa zake, na njiani wakirudi walizungumza: fulani alikosea, fulani alidhulumiwa. Leo mtoto anatazama chini ya shuka, usiku, peke yake, na hapana wa kumwambia neno. Hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Mizani tutakayoitumia ni moja, na kila mzazi anaweza kuishika. Mchezo ukisha, uliza: huyu aliyetazama sasa anakhofu nini, na khofu hiyo inampeleka wapi? Khofu yenyewe si kitu kibaya. Ni neema aliyoiweka Mwenyezi Mungu ndani ya moyo wa mja ili ajiepushe na moto, na nyoka, na dhulma, na zaidi ya yote na ghadhabu Yake. Lakini khofu iliyopelekwa pasipo mahali pake ni kama maji yaliyotoka mferejini: badala ya kunywesha shamba yanabomoa nyumba.

Mwalimu aliyeshinda na mwalimu aliyeshindwa

Tuanze na vitisho, na tuanze kwa ndugu zetu wa Indonesia, kwa kuwa wao ni Waislamu kama sisi, watu wa minazi na bahari kama sisi, na michezo yao ya majini leo inatazamwa dunia nzima. Hapana nchi ya Kiislamu iliyozama katika michezo ya namna hii kuliko wao. Mwaka 2022 mchezo wao mmoja wa mashetani wa kijijini, KKN di Desa Penari, uliuza tikiti zaidi ya milioni 10 nchini mwao. Tukitaka kujua senema ya vitisho inafanya nini katika nyumba ya Kiislamu, huko ndiko kwa kutazama, si Hollywood.

Upo mchezo wao uitwao Pengabdi Setan, maana yake ni watumishi wa shetani. Umetengenezwa mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa mwaka 1980, muongozaji wake akiwa Sisworo Gautama Putra. Humo mna watu wa nyumba moja, matajiri, wasiojali swala. Mama yao anakufa, kisha mashaka yanaingia nyumbani. Wanamtafuta mganga, mganga hafui dafu. Mwisho anakuja mwalimu wa dini na wafuasi wake, wanasoma, na wale maiti waliofufuka wanaangamia. Mara ya pili ulikuwa mwaka 2017, muongozaji wake akiwa Joko Anwar. Humo pia mna mwalimu wa dini, lakini mwanawe anakufa kwa ajali, moyo unamvunjika, na mwisho yeye mwenyewe anauawa. Msomaji wa dini wa 1980 alishinda. Wa 2017 alishindwa.

Wako waliokasirika kwa ule wa pili, wakasema dini imetukanwa. Sisi twaona jambo hili lataka kutazamwa vizuri zaidi. Kufa kwa mcha Mungu mikononi mwa waovu si tusi kwa dini. Manabii waliuawa, na masahaba waliuawa, na hapana aliyesema kuwa dini imeshindwa. Na ule wa kwanza nao, ingawa mwisho wake unapendeza, una kosa lake: umeifanya Qur'ani kama bunduki. Soma, adui aanguke, watu waende nyumbani wakalale. Anayeijua dini kwa njia hiyo, siku atakayosoma na mgonjwa wake asipone, atafanyaje? Atasema kisomo hakifai kitu, kisha atafunga safari kwenda kwa mganga. Wangapi twawajua waliokwenda kwa njia hiyo hiyo?

Kwa hivyo, kwa maoni yetu, kosa la mchezo wa 2017 haliko katika kufa kwa mwalimu. Liko katika kuwa baada ya kufa kwake hapana mtu aliyebaki humo wa kusema lolote juu ya subira na tawakkul. Mtazamaji anaachwa gizani na jamaa wale, na gizani hapana njia. Kwa kazi ya kutisha, mchezo ule ni hodari sana: kengele ya mama mgonjwa ikilia usiku, mtu mzima hujikunja kitini. Lakini tukiuliza swali letu, khofu hii inatupeleka wapi, jawabu ni kuwa haitupeleki popote.

Swala iliyofanywa kitisho

Baya zaidi ya hilo ni desturi iliyozuka ya kuifanya ibada yenyewe kuwa kitisho. Mwaka 2019 ulitoka huko mchezo uitwao Makmum, yaani maamuma. Maudhui yake ni kuwa mtu anaswali peke yake usiku, na nyuma yake anasimama asiyeonekana, akimfuata kwa rukuu na sijda. Mwezi wa Machi 2024 mambo yakazidi: mchezo uliopewa jina la Kiblat ulitangazwa kwa picha ya mwanamke aliyevaa nguo za swala, amerukuu, na uso wake umegeuzwa kulikotazama mbingu. Baraza la Maulamaa la Indonesia likapinga, picha ikaondolewa, na mchezo ukatoka baadaye mwaka huo kwa jina la Thaghut.

Wapo waliosema kuwa maulamaa wale hawajui sanaa. Sisi twasema walijua jambo ambalo watengenezaji hawakulifikiri. Mtoto wa miaka 9 au 10, ambaye ndiyo kwanza anafundishwa kuamka alfajiri, akiisha kuona picha ile, utamtoaje kitandani? Atatandika msala, na kila akirukuu atahisi pumzi nyuma ya shingo yake. Mahali ambapo mja amewekewa apumzike na khofu zote, pamefanywa mahali pa kukhofu. Mtengenezaji alitafuta mshtuko wa dakika mbili, lakini yule mtoto ataubeba miaka. Na aghlabu mzazi hajui. Ataona mtoto anachelewesha Isha mpaka apate mwenziwe, atamwita mvivu, na kumbe mtoto anaogopa tu na haya zinamzuia kusema.

Kwa hivyo hapa hukumu yetu haina mabano: michezo ya namna hii isiingie nyumbani penye watoto. Sababu si kuwa majini hawapo. Majini wapo, na Qur'ani ina sura kamili yenye jina lao. Sababu ni kuwa Mwislamu hufundishwa kumkimbilia Mola wake anapokhofu, na michezo hii yamfundisha kuwa hata hapo alipokimbilia hapana salama.

Mchezo wa kaburi

Sasa tuje kwenye mchezo uliotushughulisha zaidi ya yote, nao ni Siksa Kubur, maana yake adhabu ya kaburi, wa huyo huyo Joko Anwar. Ulitoka mwezi wa Aprili 2024, wakati wa Idi, na mamilioni wakautazama. Kisa chake ni hiki. Msichana Sita na kaka yake Adil ni watoto wa waokaji mikate. Siku moja mtu anampa Sita kaseti, ndani yake mna sauti inayodaiwa kuwa ni ya maiti anayeadhibiwa kaburini. Mtu huyo kisha anajilipua kwa bomu, na wazazi wa watoto wale wanakufa hapo hapo. Mayatima wanapelekwa katika chuo cha dini cha bweni. Huko yuko tajiri mfadhili, jina lake Wahyu, mwenye heshima na jina kubwa, naye anawaharibu watoto wa kiume wa chuo, na Adil ni mmoja wao. Sita anakua akiwa na nia moja: kumtafuta mtu muovu kuliko wote, na siku atakapozikwa, aingie naye kaburini aonyeshe ulimwengu kuwa adhabu ya kaburi haipo. Mwisho wa mambo sitausimulia, kwa kuwa si uungwana kumharibia mtu hadithi.

Kwa elimu ya dini, mchezo huu una upungufu ambao lazima tuutaje. Adhabu ya kaburi na neema ya kaburi ni katika mambo ya ghaibu. Twayaamini kwa kuwa tumefikishiwa khabari na mkweli, Mtume wetu (S.A.W.), si kwa kuwa tumesikia sauti au tumeona picha. Lau yangethibitika kwa kamera, yasingekuwa ghaibu tena, na kuyaamini kusingekuwa na fadhila. Sita anataka kuyakanusha kwa kamera, na yule wa kaseti alitaka kuyathibitisha kwa kaseti. Wote wawili wamekosa mlango mmoja. Na msiwacheke, kwani siku hizi simu zetu zimejaa sauti na picha za namna hiyo hiyo, na wapo wanaozituma usiku wa manane kwa nia njema kabisa, wakidhani wanaitia nguvu dini. Dini haisimami juu ya kaseti. Siku uwongo wake ukidhihiri, aliyeijenga imani yake juu ya kaseti ataipoteza pamoja nayo.

Pia mchezo una damu nyingi na vilio vingi kuliko haja. Watoto wasiutazame kabisa, na mtu mzima mwenye moyo dhaifu na aupishe.

Lakini baada ya kusema hayo, insafu yatutaka tuseme na la pili. Ndani ya mchezo huu wa vitisho, mwenye kutisha kupita wote ni yule mfadhili. Hana pembe, hana macho mekundu. Amevaa vizuri, watu wanamwinamia, na chuo kinakula kwa mkono wake. Watoto hawasemi kwa kuwa nani atawaamini? Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa chuo. Nimekaa na watoto mbele ya juzuu miaka yangu yote, na nakwambia: jambo hili ni kweli, hutokea, nalo hutokea kokote ambako mtu mzima amepewa watoto na hakupewa wa kumtazama. Hutokea kwa Waislamu na kwa wasio Waislamu. Tukilificha kwa kukhofu kuitia aibu dini, aibu ndiyo inayozidi, na mtoto ndiye anayelipa.

Tena mchezo unauliza swali ambalo sisi walimu hatupendi kuulizwa: je, tumewakhofisha watoto kaburi ili wamche Mungu, au ili watuogope sisi? Tofauti yake ni kubwa. Kaburi likitajwa pamoja na rehema, na toba, na haki ya kila mwenye kudhulumiwa, mtoto aliyeonewa hupata faraja, kwa kuwa anajua yuko atakayemlipia. Likitajwa kama fimbo tu, mtoto yule yule aliyeonewa atadhani adhabu ni yake yeye. Hapo ndipo Sita alipopotelea. Hakukataa dini kwa kusoma vitabu vya makafiri. Aliona tu kuwa khofu wanayopewa wanyonge haikumfikia aliyestahiki kuogopa.

Kwa mzazi, funzo ni la wazi. Kabla hujamkabidhi mtoto kwa chuo, au skuli, au mwalimu wa nyumbani, uliza analala wapi, na nani, na nani anaingia. Umwambie mtoto mapema kuwa hapana siri baina yake na mtu mzima inayofichwa wazazi. Na mtoto akisema neno, usimpige kofi la mdomo kwa kuwa amemtaja mtu mkubwa.

Jambazi apendwaye

Tugeukie michezo ya uhalifu. Hapa mizani yetu inabadilika kidogo: hatuulizi tu tumekhofu nini, twauliza pia tumempenda nani.

Wengi wanaijua The Godfather ya mwaka 1972, kazi ya Francis Ford Coppola. Mna mahali humo ambapo mkuu wa wahalifu amesimama kanisani akimsimamia mtoto anayebatizwa, anaulizwa iwapo amemkataa shetani, anajibu ndiyo, na saa ile ile watu wake wanawaua mahasimu wake mjini. Sijui mfano wa unafiki uliochorwa wazi zaidi ya huo. Lakini uliza vijana waliutazama mchezo ule wakatoka na nini. Walitoka wakiiga sauti yake na kiti chake. Mambo yamezidi katika Scarface ya 1983, kisa cha muuza unga wa kokeini huko Miami. Mwisho wake ni mauti ya aibu, lakini picha iliyochapwa juu ya fulana ni ile ya alipokuwa na bunduki na mali. Katika miji yetu ya pwani, ambayo unga umeila vijana mtaa kwa mtaa, hatuna ruhusa ya kuuona mchezo kama huo kuwa ni burudani tu. Mtazamaji wa Ulaya huenda akautazama kama ngano. Sisi twatazama khabari za majirani.

Linganisha na Deewaar ya Wahindi, ya mwaka 1975. Ndugu wawili, mmoja ni polisi, wa pili, Amitabh Bachchan, ni mfanya magendo. Yule wa pili amepewa uzuri wote wa mchezo, nguo na magari na maneno makali. Lakini mtengenezaji ameweka mizani mmoja asiyenunulika, naye ni mama. Mama anamtoka mwana mwenye jumba na kumfuata mwana mwenye mshahara mdogo, ilhali moyo wake uko kwa yule wa kwanza. Nyumba nyingi za pwani zilimlilia Amitabh, lakini zilijua kuwa mama alikwenda panapostahiki. Hii ndiyo tofauti tunayoitaka: si kuwa mhalifu asiwe na sura nzuri, kwani shetani naye hupamba, bali pawepo ndani ya mchezo jicho linaloona.

Kikulacho ki nguoni mwako

Katika michezo ya uhalifu ya miaka hii ya karibuni, tulioupa daraja ya juu ni Killers of the Flower Moon, wa Martin Scorsese, uliotoka mwezi wa Oktoba 2023, kutoka kitabu cha David Grann cha mwaka 2017. Kisa chake ni cha kweli. Osage ni watu wa asili wa Marekani, waliosukumwa mpaka Oklahoma, katika ardhi ya mawe ambayo hapana aliyeitamani. Kumbe chini yake mna mafuta. Kwa sheria ya 1906 kila mmoja katika watu wao 2,229 waliosajiliwa alipewa fungu katika mapato ya mafuta. Fungu hilo halikuwa kitu cha kuuzwa sokoni. Njia yake ilikuwa ni kurithi. Basi kufikia miaka ya 1920 wakawa katika matajiri wakubwa wa dunia, na serikali ikawatilia wasimamizi wazungu juu ya mali zao, kama kwamba ni watoto wadogo.

Hapo waovu wakafahamu: fungu haliuzwi, lakini hurithiwa, na mke hurithiwa na mume. Wakaoa. Kisha wake wakaanza kufa.

William Hale, anayechezwa na Robert De Niro, alikuwa akisema lugha ya Osage, akihudhuria mazishi yao, akijiita rafiki yao mkubwa. Alimhimiza mpwawe Ernest Burkhart amuoe Mollie, mwanamke mwenye mafungu. Dada yake Mollie, Minnie, alikufa 1918 kwa maradhi yasiyofahamika. Dada wa pili, Anna, alipigwa risasi Mei 1921. Mama yao akafuata mwaka huo huo. Dada wa tatu, Rita, alikufa Machi 1923, nyumba yake ilipolipuliwa. Kila aliyekufa, fungu lake lilisogea karibu na mkono wa Hale. Mollie mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa sukari, na katika mchezo mumewe ndiye anayemdunga dawa, akichanganya na kitu kingine. Hale alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1929, akaachiliwa 1947. Mwaka 1925 ndipo sheria ilipowazuia wasio Osage kurithi mafungu hayo kwa Osage wa nusu damu na zaidi.

Hapana jini katika mchezo huu, na umetukhofisha kuliko yote tuliyoitaja. Kwani uovu wote umefanywa kwa maneno matamu, mezani, kitandani, penye mgonjwa. Lily Gladstone, anayemcheza Mollie, hasemi mengi, anatazama tu. Mwishoni anamuuliza mumewe swali moja: ulikuwa ukinitilia nini? Alikuwa tayari, hapo, kumsikia mtu akikiri. Mume anashindwa kusema kweli hata wakati ambao kweli ndiyo kitu pekee kilichobaki kumwokoa. Mke anainuka, anakwenda zake. Hatukuona katika senema darsa la toba iliyokosekana lililo wazi kuliko hili.

Aibu tunazoziona ni mbili. Kwanza, mchezo ni mrefu mno, saa 3 na dakika 26, na sehemu kubwa yake tumekaa na wauaji huku Mollie amelala mgonjwa; twapenda lau tungekaa na aliyedhulumiwa zaidi. Pili, damu imo ya kutosha, kwa hivyo ni mchezo wa watu wazima. Lakini Scorsese amefanya jambo la uungwana mwishoni: ameonyesha jinsi kisa kile kilivyofanywa mchezo wa redio wa kufurahisha watu, kisha yeye mwenyewe akatokea na kusoma khabari ya kifo cha Mollie, ambayo haikutaja mauaji hata kidogo. Ni kama anatuambia sote: nanyi mliokaa hapa, mmekuja kufurahishwa na mauti ya watu.

Sasa, ndugu msomaji, usifunge ukurasa ukasema hayo ni ya Marekani. Sura ya An-Nisaa imeyapanga mafungu ya mirathi moja baada ya moja, na imewakemea vikali walao mali ya mayatima kwa dhulma. Twaisoma. Kisha baba anakufa, na nyumba inakaa miaka 20 haikugawanywa. Ndugu wanaume wanakula kodi. Dada akiuliza, huambiwa nyumba ya wazee haigawanywi, au huambiwa ana mume wa kumlisha. Hatukumpiga mtu risasi, ni kweli. Lakini Hale naye hakuanza kwa risasi. Alianza kwa kuiona mali ya mwanamke kuwa ni yake ambayo bado haijamfikia.

Khofu ikikutana na tamaa

Huenda ukauliza kwa nini tumechanganya majini na wauaji katika makala moja. Ni kwa sababu hapa kwetu vitu hivi viwili hukutana.

Mwaka 1995 khofu ya Popo Bawa ilienea Pemba na Unguja. Watu walikesha nje ya nyumba zao wakiota moto. Na khofu ile, iliyokosa elimu ya kuiongoza, ikamuua mtu: maskini mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na kundi la watu mjini Unguja kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popo Bawa. Aliyetoa roho ya mtu usiku ule hakuwa jini. Walikuwa binadamu wenye khofu.

Na huko Kilifi, tangu miaka mingi, wazee wanauawa kwa kutuhumiwa uchawi. Wako waliopaka mvi zao rangi nyeusi ili wasidhaniwe kuwa wachawi, na wako waliokimbilia Kaya Godoma wakaishi huko kama wakimbizi katika nchi yao wenyewe. Ukichungua mara nyingi utakuta nyuma ya tuhuma pana shamba, na mzee ndiye anayelizuia lisiuzwe. Tazama basi: khofu ya uchawi ni pazia, na nyuma ya pazia yumo Hale. Kijana aliyelelewa kwa michezo ya kumfundisha kuwa kila bibi kizee anayekaa peke yake ni mchawi, na kwa michezo ya kumfundisha kuwa mwenye bunduki na mali ndiye bwana, huyo yuko tayari kwa kazi hiyo. Atakayemtuma hatahitaji maneno mengi.

Basi shauri letu ni hili. Mchezo unaokukhofisha msala wako, uache. Mchezo unaokufanya umpende dhalimu, uache, au utazame na mwanao mkubwa na umwonyeshe mahali alipodanganywa. Mchezo unaokufanya uikhofu dhulma, na zaidi dhulma iliyomo ndani ya nafsi yako na ndani ya nyumba yako, huo una faida kwa mtu mzima mwenye akili. Usimwachie mtoto simu usiku. Akishtuka, usimcheke, kaa naye, msome naye, umwambie kuwa jini ni kiumbe kama yeye, na viumbe wote wako chini ya qudra ya Muumba. Na ukiisha kumlaza, ukumbuke dada yako, na ile nyumba ya marehemu baba ambayo haijagawanywa, na kesho uite jamaa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atupe khofu Yake mahali pa khofu ya viumbe, azilinde nyumba zetu na watoto wetu, na atuepushe na mali isiyo yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.